Mwezi wa Buluu na Ukuta wa Nyuma

Haya, umekuja. Kaa kwanza. Usinikumbatie na mkoba begani kama mtu anayewahi basi. Umepotea mpaka kiti chako nimekigeuza pa kuwekea vitambaa, na mjomba wako ameacha kukutaja kwa jina, anasema "yule wa kwenye simu". Mara ya mwisho uliponiaga uliniambia utarudi mwisho wa mwezi. Hukusema mwezi upi, nami kwa ujinga wangu sikuuliza.

Daftari hili unalijua, ni la vipimo vya wateja. Kurasa za kushoto ni viuno na mabega ya watu. Za kulia nimekuandikia wewe, maana kwenye simu unaniharakisha. Usicheke mwandiko. Darasa mimi sikuliona hata kwa dirisha. Herufi nilizijua kwa sindano, kwa kutarizi majina ya watoto wa watu kwenye kola za sare, mpaka siku nikajikuta nasoma. Ndiyo maana naandika kama ninavyoshona: polepole, na nikikosea nafumua.

Tarehe 21, mwezi wa tatu

Mvua imeanza leo saa nane mchana, bila salamu. Mkamwana wangu, mke wa mjomba wako, ametimiza wiki mbili tangu ajifungue. Mtoto ni wa kike, mdogo, lakini ukimgusa anawaka. Tumempa jina la Kibiriti. Wanalala chumba cha nyuma kwa sababu huku mbele cherehani yangu inapiga makelele. Dirisha lao linatazamana na ule ukuta unaozuia udongo wa kiwanja cha juu. Hatua mbili tu toka dirishani hadi ukutani. Mjomba wako aliujenga mwenyewe mwaka juzi, wakati wa likizo yake ya kiwanda cha mikate, na hadi leo akipita anaupigapiga kofi kama ng'ombe wake.

Tarehe 22

Mvua. Nimeshona sketi tatu.

Tarehe 26

Nilikwenda nyuma kuanika nepi chini ya bati nikaona ufa. Umeanzia chini, mbele ya dirisha la chumba cha nyuma, unapanda kama mshono uliofumuka. Sina vipimo vya waashi. Nilitoa kifungo cha shati mfukoni nikakisukuma. Kikagoma, ukingo tu ndio ulioingia.

Tarehe 29

Mvua. Jambo moja jema: panya wameisha. Unakumbuka walivyonitafunia kola za shule nzima? Walikuwa wakitokea kwenye vile vijibomba vilivyo chini ya ukuta. Kiangazi nikaviziba vyote kumi kwa mabaki ya vitambaa vya sare, kila kizibo nimekishona kwa uzi wa gunia na kukishindilia kwa mchi. Kazi safi. Hata tone halipiti.

Tarehe 4, mwezi wa nne

Kifungo cha shati kimeingia chote.

Nilimwambia mjomba wako wakati anavua viatu. "Ukuta wako una ufa."

"Ni lipu, mama. Lipu hupasuka."

"Lipu haimezi kifungo."

"Sasa wewe unaulisha vifungo ukuta wangu?" Akacheka, akaenda kumbeba mwanawe. Mkamwana hakucheka. Mkamwana huyu, nitakwambia ukweli, nilikuwa namwona kama sahani ya kupambia kabati. Hasemi, habishi, ukimwita anaitika "abee mama" na basi. Leo nilimwona anatazama dirishani.

Tarehe 5

Mvua kutwa. Nimekuta ufa mweupe mweupe. Nikadhani ukuta unapauka kwa baridi.

Tarehe 9

Kifungo cha shati kinacheza ndani. Nimejaribu cha koti. Kimeingia nusu.

Nikakupigia. Ukasema, "Bibi, niko kikaoni, nitakupigia." Nikangoja. Ulipiga saa kumi na moja, nami nikakueleza yote, kifungo kwa kifungo.

"Bibi, ukuta wa namna hiyo kuanguka ni kitu cha mwezi wa buluu."

"Mwezi wa nini?"

"Wa buluu. Kiingereza hicho. Ni jambo linalotokea kwa nadra mno. Hapa ofisini tunalisema kila siku."

"Yaani halitokei."

"Linatokea, ila ni nadra. Mwezi ukijaa mara mbili kabla tarehe za mwezi hazijaisha, ule wa pili ndio wanauita wa buluu. Hupita miaka miwili mitatu hujauona."

"Na unakuwa na rangi hiyo?"

"Hapana bibi, uko vilevile."

"Basi jambo lina tarehe yake kwenye kalenda, na nyinyi wasomi mnalitaja kama halipo."

Ukacheka. Nikakuuliza, "Na wewe kuja huku je?"

Ukasema, "Hilo nalo ni la mwezi wa buluu, bibi," ukacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kifungo cha koti.

Tarehe 10

Nimelitafuna neno lako kutwa nikikata suruali. Mjomba wako naye ana lake: "Mama, kuta haziangukianguki, ni mara chache." Mara chache nayo ni mara. Aliyemo chumbani siku hiyo hataambiwa kwamba ilikuwa chache.

Tarehe 14

Nimegombana na Dereva. Huyu ndiye mwenye kiwanja cha juu, aliendesha malori miaka thelathini na sasa anaendesha kiti cha barazani. Miaka minne hatusemezani. Nilimpunja vidole vinne kwenye suruali, akatangaza mtaa mzima kwamba nimemshonea suruali ya kuvukia mto. Lakini leo nimesimama chini ya ukuta nikaita.

"Wewe Dereva. Maji ya paa lako unayamwaga wapi?"

Kichwa kikachungulia juu. "Kwenye pipa, Bi Sindano. Ulidhani wapi?"

"Kwenye ukuta wetu. Udongo wako umelowa mpaka unatusukuma."

"Udongo wa kila mtu umelowa, ni mvua. Au na mvua niliishona mimi?"

"Ungeishona wewe ingekuwa na mikono mitatu."

"Bora mikono mitatu kuliko mguu nusu."

Nikaingia ndani. Mtu mbaya yule. Nina hakika maji ni yake.

Tarehe 20

Kifungo cha koti kimeingia chote. Mvua.

Tarehe 21

Mvua.

Tarehe 22

Mvua. Ukuta umelowa juu mpaka kifuani, lakini chini, penye vijibomba, pakavu kabisa. Maji yote haya yanakwenda wapi?

Tarehe 27

Jua. Kila mtu amekuwa na akili. Mjomba wako ameupiga ukuta kofi akanitazama, "Unaona?" Nimetia vifungo viwili vya koti pamoja. Vimeingia. Ufa haurudi nyuma kwa sababu ya jua.

Tarehe 1, mwezi wa tano

Mwezi umetoka jioni, umejaa, kati ya mawingu mawili. Nawe umeleta ujumbe: "Bibi, mwezi huu ndio wenye miezi miwili! Wa pili ni tarehe 31. Nitakuja siku hiyo, nimeshaahidi." Nimeusoma mara tatu. Nimekuandalia shuka.

Tarehe 3

Mvua imerudi na hasira ya aliyenyimwa.

Tarehe 6

Leo nimechoka kuomba. Mjomba wako aliporudi alinikuta nimeshahamisha kitanda cha Kibiriti na mama yake kuja mbele chumbani kwangu, na cherehani yangu nimeikokota mpaka nyuma. Mkamwana ndiye aliyenisaidia kukokota. Alishika upande wake akavuta.

"Mama, unamtisha mke wangu."

"Sijamtisha. Nimembadilishia chumba."

"Ukuta ni imara. Nimeujenga kwa mikono yangu."

"Vizuri. Basi nalala mimi huko, na kelele za cherehani zitakuwa mbali na mtoto. Kama ni imara, unaogopa nini?"

Ndipo mkamwana akasema, polepole, akimnyonyesha mtoto: "Mwache mama. Lakini mimi na mwanangu haturudi kule." Miaka mitatu ya "abee mama", kumbe ndani mlikuwa na mtu. Nimemwomba radhi moyoni. Siku moja nitamwomba kwa mdomo.

Tarehe 7

Mjomba wako amesimama mbele ya ukuta asubuhi yote ya mapumziko yake. Hakuupiga kofi.

Tarehe 9

Hodi. Nikadhani ni mteja. Ni Dereva, na mwavuli, uani kwangu kwa mara ya kwanza tangu ile suruali.

"Nimekuja kuangalia," alisema. "Pale juu udongo umeshuka kiganja kizima karibu na ukuta. Sipendi."

Nikampeleka nyuma. Alikwenda mwanzo hadi mwisho wa ukuta na mwavuli wake, kisha akaweka kiganja ukutani, taratibu, kama unavyoshika paji la mtoto mwenye homa.

"Umetoa tumbo," alisema. "Tazama kwa ubavu, utaona. Bi Sindano, nyuma ya ukuta huu kuna kisima. Wiki nzima mvua, na chini hapa pakavu. Ukuta wa kuzuia udongo huwekewa pa kukojolea. Mwanao aliweka, nilimwona. Matundu yako wapi?"

Mjukuu wangu, nilisikia masikio yananiwaka. Nilitazama chini nikaona vitambaa vyangu vya sare, bluu, kijani, maruni, vimeshindiliwa vizuri, vimeshonwa kwa uzi wa gunia. Vilikuwa vimekaa humo muda wote nikimtukana mwenzangu juu ya pipa lake. Tope limevipaka, yeye hakuviona.

Nikasema, "Mambo ya ujenzi mimi siyajui."

Nimewahi kusema uongo, lakini mrefu mrefu, wenye nakshi. Mfupi kama huu sijawahi. Akaondoka akisema atarudi na nondo yake achunguze, mvua ikipungua.

Tarehe 10

Mvua haikupungua. Sikusema leo pia. Mjomba wako akila, mara mbili nilianza, "Mwanangu," mara mbili nikaishia kumwongeza mchuzi. Mimi ninayemwambia kila mtu ukweli wake usoni, wangu umenikwama kama mfupa.

Tarehe 11



Asubuhi nilitia kidole kwenye ufa. Kiliingia mpaka kwenye pete. Nilipokitoa kilitoka na tope. Nikarudi ndani, nikamkuta Kibiriti amelala huku mbele na mdomo wazi, na mama yake anakunja nepi. Nikaketi nikamngoja mjomba wako. Hakufika mpaka saa nane, na unga wa mikate bado nyusini.

"Mwanangu, kaa."

"Nimechoka, mama."

"Kaa uchoke ukiwa umekaa. Matundu ya ukuta wako niliyaziba mimi."

Aliniangalia. Nilingoja kelele.

"Yote?"

"Yote kumi. Kwa vitambaa. Kwa ajili ya panya. Kwanza sikujua. Tangu juzi najua, nikaona aibu."

Alifuta unga usoni kwa kiganja. "Ufa niliuona kabla yako," alisema. "Usiku ule uliponiambia nikaupaka chokaa, mke wangu asiuone. Mvua ikaiosha."

Tukatazamana, mtu na mamaye, waongo wawili. Kisha akasimama akavaa viatu vya mvua, nami nikatoka nikaita juu ya ukuta, "Dereva, teremka na nondo yako. Makosa ni yangu, si ya pipa." Alikuwa uani kwangu kabla sijafunga kitambaa kichwani.

Vitambaa vilivyolowa huvimba, hilo nalijua kuliko mtu yeyote, na bado nilishangaa. Kizibo cha kwanza, upande wa bafuni, mjomba wako alikichokonoa kwa nondo na Dereva akakivuta kwa koleo, wakipokezana na kuhema. Kilipotoka kilitoka kwa mlio, na maji yakaruka nyuma yake, mekundu, mazito, yakampiga Dereva magotini.

"Nilisema," Dereva alisema. "Kisima."

"Ulisema," nilisema mimi. "Endelea kuvuta."

Cha pili. Cha tatu. Mimi nilikuwa nachota tope kwa beseni kuwafungulia njia. Cha nne kilikatika, kikatolewa vipande vipande. Kizibo kibaya kingekuwa kimeng'oka zamani, lakini mimi sishoni kitu kikang'oka. Cha tano, cha sita. Maji yalitoka kwenye matundu sita kama ng'ombe sita wamefunguliwa. Cha saba kilituchukua nusu saa.

Yakabaki matatu, yale ya mwisho, mbele ya dirisha la chumba cha nyuma, palipo na ufa. Mjomba wako akaingia kati ya ukuta na nyumba, akapiga goti.

Dereva akasema, "Toka hapo."

"Yamebaki matatu tu, mzee."

"Yaache. Hebu nyamazeni."

Tukanyamaza. Chini ya mvua kulikuwa na sauti nyingine. Niliijua. Ni sauti ya kitambaa cha khaki ukikichana kwa mikono, kabla hakijakubali. Kokoto moja ikaanguka ndani ya beseni langu, ting.

"Lori likitaka kumwaga mzigo hukwambia kwanza," Dereva alisema, na kabla hajamaliza alikuwa ameshamshika mjomba wako mkanda wa suruali, mzee wa miaka sabini na ushei, akamvuta kinyumenyume kama gunia. Wakaniangukia. Tukaanguka wote watatu kwenye tope, na ukuta ukaja.

Haukuanguka wote. Ulianguka pale palipokuwa na vizibo vitatu. Ulilala taratibu, ukaingia chumba cha nyuma kwa dirisha na kwa ukuta wa dirisha, na udongo ukaufuata, ukaendelea kufuata, hata nikadhani kiwanja chote cha Dereva kinahamia kwetu. Kisha kimya. Matundu saba yaliyofunguliwa yalikuwa bado yanatoa maji, na sehemu ile ya ukuta ilikuwa imesimama wima.

Ndipo nikasikia mkamwana anapiga kelele toka mbele. "Mama yuko wapi? Mama yuko chumbani? Mama." Akatokea na Kibiriti kifuani, miguu mitupu, anakimbilia mlango wa chumba cha nyuma, ule mlango ambao sasa ulikuwa unatoa udongo chini.

Nilisema, "Niko hapa, mwanangu. Nimejaa tope tu."

Alikaa chini palepale. Akalia mpaka Kibiriti naye akaanza. Nikaenda nikawashika wote wawili na tope langu, na maneno niliyoyaweka moyoni tangu tarehe sita nikayasema. Hayo ni yetu, sikuandikii.

Pale kilipokuwa kitanda chao, hadi wiki iliyopita, pamejaa mawe mpaka kimo cha kiuno. Cherehani sijaiona. Gurudumu lake tu limechomoza.

Tarehe 12

Mvua. Umepiga simu. Ulianza, "Bibi, hiyo kweli ni ya mwezi wa..." ukaacha katikati. Vizuri ulivyoacha.

Tarehe 15

Watu wanakuja kutazama. Kila mmoja anasema haijawahi kutokea mtaani kwetu. Nawajibu sasa imewahi. Nawaonyesha vile vizibo saba, nimevipanga barazani. Mjomba wako aliniambia nivitupe, naona aibu imemshika kwa niaba yangu. Nikamwambia viache. Wenye panya wapo wengi mtaani humu, na vitambaa wanavyo.

Tarehe 18

Jua.

Tarehe 24

Nimemshonea Dereva suruali kwa mkono, tundu kwa tundu la sindano, siku tano. Nimempima mguu mara mbili, mara ya tatu akaniambia, "Bi Sindano, mguu haujarefuka tangu asubuhi." Aliivaa palepale juu ya ile nyingine. Imezidi vidole vinne.

"Hii ya kuvukia nini?" aliuliza.

"Ya kufagilia. Kunja."

Akakunja. Ameketi na mjomba wako wanachagua mawe mazima kwenye kifusi. Huyu ndiye niliyemwita mtu mbaya kwenye ukurasa wa nyuma. Ningeufumua ukurasa ule, lakini nimeuacha uusome.

Tarehe 31

Mwezi wako umetoka jioni hii. Nilikaa uani na mkamwana na Kibiriti, na mwanya upo palipokuwa na ukuta, kwa hiyo tumeuona vizuri kuliko zamani. Ulikuwa mwekundu kama tofali, kisha wa manjano, kisha wa kawaida. Wa buluu haukuwa hata chembe. Umekuja siku yake kama ulivyosema ungekuja.

Wewe hukuja. Umeandika kazi zimekubana. Sina hasira. Ninayo kidogo. Shuka nimelikunja, liko palepale.

Mjomba wako ameanza upya, ukuta umefika kiunoni. Safari hii ameweka matundu kumi na mawili, na mimi ndiye niliyeshika vijibomba wakati anavijengea. Panya nimewatafutia paka.

Sasa sikiliza, maadamu hatimaye umekuja. Leo nimekwambia ukae kwanza, umekaa, umesoma. Safari nyingine usikae. Usianze na shikamoo, usiweke mkoba chini, wala usiniite. Zunguka moja kwa moja mpaka nyuma. Tia kidole kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, toka la bafuni mpaka la dirishani, uhesabu kumi na mawili. Kidole kikigusa kitambaa, jani au jiwe, litoe, hata kama unaona ni mimi niliyelitia, hasa kama ni mimi. Ukimaliza, njoo mlangoni na kidole hichohicho chenye tope, unionyeshe. Ndipo utasema shikamoo, nami nitaitika.